Mfuko wa Ndani ya Kadre

Juma hili tunaandika juu ya kinga. Vitabu vinaiita baiskeli, lakini hapa Lubumbashi mtoto akisema baiskeli tunamwuliza ametoka wapi. Basi tutasema kinga, na fremu yake tutaiita kadre kama mafundi wetu wa barabarani wanavyoiita, ili tusipotezane njiani.

Mwaka jana mvua za kwanza zilipoanza, mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa anarudi kutoka bustani za bondeni, upande wa Naviundu. Nyuma ya kinga alifunga gunia la lengalenga. Mtoto alikuwa mgongoni. Kwenye usukani alitundika mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na kitabu cha kliniki cha mtoto, chupa ya mafuta ya kula, na bahasha ya likelemba ya mama watano, maana zamu ya kukusanya ilikuwa yake. Njia iliteremka, mfuko ukaanza kucheza, ukayumba upande mmoja, ukarudi, ukaingia katika nyaya za gurudumu la mbele. Gurudumu lilisimama, lakini yeye hakusimama. Alipotusimulia alisema neno moja tu: "Mama mwalimu, mi niliona tu niko chini."

Mtoto aliteguka mkono, akafungwa kitambaa majuma mawili, akapona. Mafuta yalimwagika juu ya kitabu cha kliniki. Na zile franka zilitawanyika katika matope, watu wakakimbia kuziokota. Wengine walizirudisha mkononi mwake, wengine walipita nazo. Jioni ile mama watano walikaa kuhesabu, hesabu haikutimia, na tunaomjua mwenzetu tunajua kwamba hakulia kwa ajili ya goti lake bali kwa jinsi mmoja wao alivyomwangalia.

Jumamosi iliyofuata tulichanga, tukajaza pengo. Hatutaandika ni kiasi gani. Lakini tulipomaliza kuchanga tulibaki tumekaa katika lile darasa tunaloshonea, kinga yake imeegemezwa ukutani, gurudumu la mbele limepinda, na mmoja wetu akauliza swali ambalo lilitupasa kuuliza zamani: kwa nini kila mmoja wetu anatundika vitu vyake vya thamani mahali pabaya kuliko pote kwenye kinga?

Jibu ni rahisi. Nyuma kumejaa. Nyuma ni mahali pa gunia la unga, la mboga, la makala, au mahali pa mtoto anayepelekwa masomo. Kinachobaki ni usukani. Na usukani ndio sehemu inayogeuka. Kilo mbili zikining'inia upande mmoja wa usukani zinakuvuta mkono, nawe unavuta kwa kurudisha, na kila unapovuta mfuko unayumba zaidi. Jaribu mwenyewe uwanjani, bila mtoto.

Lakini tazama kinga yenyewe. Katikati yake, kati ya bomba la juu, bomba la kiti na bomba linaloteremka kwenda kwenye pedali, kuna pembetatu tupu. Hakuna kinachogeuka pale. Iko kati ya magurudumu mawili, na iko chini ya makalio ya mpandaji. Wanaume wanaoleta makala mjini kwa barabara ya Kasenga na ya Likasi wanaijua siri hii vizuri. Hawapandi, wanasukuma, mifuko mitatu au minne mirefu juu ya kinga moja, na hawaachi nafasi ya kadre ikae bure. Wakiweka uzito wote juu na nyuma, kinga inainua pua kama punda mkaidi. Ndugu zetu wa Goma nao wana chukudu yao ya mbao, ambayo mji umeijengea hata sanamu, na mzigo wake unakaa kwenye ubao mrefu kati ya magurudumu mawili, karibu na ardhi. Uzito ukiwa chini na katikati, kinga inakutii.

Wala si sisi tuliovumbua kushona mfuko wa mahali pale. Jeshi la Uswisi lilitumia baiskeli ya namna moja tangu mwaka 1905 kwa karibu miaka 90, na mfuko wake ulikaa ndani ya kadre. Siku hizi huko Alaska, Marekani, watu wanaosafiri kwa baiskeli juu ya theluji wanatumia mifuko inayojaza pembetatu nzima, na wengine hujishonea nyumbani, kwa sababu kila kadre ina umbo lake na mfuko wa dukani haukai sawasawa. Hiyo ndiyo sababu hata sisi hatukwenda kununua, hata kama ingepatikana. Phoenix ya Kichina, kinga ya Kihindi na Raleigh ya zamani ya babu hazina pembetatu moja.

Mashini tunayo. Bibi zetu wengi walijifunzia kushona kwenye foyers sociaux, wakati wa kambi za Union Minière, na mashini nyeusi za mguu zilizobaki katika nyumba za Kenya na Katuba bado zinafanya kazi zikipata mafuta. Walifundishwa kushona kanzu za watoto na vitambaa vya kufunika viti. Kinga ilikuwa ya bwana. Tunakumbusha hili bila hasira, lakini tunalikumbusha.

Mfuko wa kwanza, ambao hatukuuonyesha mtu

Tulikosea mara tatu, na makosa yetu yatawafaa kuliko ushindi wetu.

Kosa la kwanza: tulikata mfuko kwa kipimo kamili cha pembetatu. Sisi walimu tulijiamini, tulipima kwa rula ya ubaoni, tukaongeza nafasi ya mshono, tukashona vizuri kabisa. Haukuingia. Yaani uliingia ukiwa mtupu, lakini tulipotia vitu kitambaa kilivimba, kikajikunja, mikanda ikalegea. Mfuko wenye kitu ndani ni mnene kuliko mfuko ulio juu ya meza, na mwalimu wa hesabu alipaswa kulijua hilo kabla ya kukata.

Kosa la pili: tuliufanya mpana, sentimetre 12, kwa tamaa. Mwenzetu alipoupanda, magoti yalikuwa yanagonga mfuko kila mzunguko wa pedali. Alipofika sokoni Kenya alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa nguo ya chini iliyobana. Alitucheka, nasi tukajicheka.

Kosa la tatu lilikuwa zipu. Tuliitoa katika koti kuukuu, nzuri, ya chuma. Ilidumu hadi mwezi wa saba. Mnajua vumbi letu jekundu la wakati wa kiangazi, linaloingia hata katika sukari iliyofunikwa. Likiingia katika meno ya zipu, basi. Mama mmoja alilazimika kuukata mfuko kwa wembe ili apate ufunguo wa nyumba yake.

Karatasi ngumu kwanza, kitambaa baadaye

Sasa tunafanya hivi. Tunachukua karatasi ngumu ya sanduku, tunaisimamisha nyuma ya kadre, na mmoja anashika huku mwingine anachora kwa chaki, akifuata ukingo wa ndani wa mabomba. Si lazima kujua hesabu, lazima mkono utulie. Kwenye kona ya mbele chora mviringo kidogo, maana kona kali ni ngumu kushona na haibebi kitu. Ukipata umbo hilo, punguza sentimetre moja kila upande. Kata. Rudisha karatasi ndani ya kadre uone: inatakiwa icheze kidogo, isiguse bomba. Karatasi hiyo sasa ndiyo mfuko utakavyokuwa ukimalizika. Unapoiweka juu ya kitambaa, ongeza sentimetre moja na nusu pande zote kwa ajili ya mshono.

Watoto wa kalasi ya sita walituona tukifanya hivyo wakauliza kama pembetatu zile zina jumla ya nyuzi 180 kama za kwenye daftari. Tuliwapa kipimapembe wakapime wenyewe. Walipata 178 na 183, wakagombana nusu saa. Somo lile halikuhitaji chaki nyingine.

Kabla ya kukata kitambaa panda kinga karatasi ikiwa imefungwa pale, uzungushe pedali. Uangalie mahali goti linapopita. Kisha amua upana. Sisi tumefika kwenye sentimetre 6, na hatupiti hapo. Sentimetre 6 zinaonekana kidogo. Zinabeba kitabu cha kliniki, bahasha, ufunguo, kikwembe cha kujifunika, chupa ndogo ya maji, dawa, madaftari mawili na ile simu. Hatuhitaji zaidi, maana vikubwa vina mahali pake nyuma.

Kitambaa

Wengi watauliza kitambaa cha aina gani. Tumejaribu vitatu.

Gunia la plastiki lililofumwa, lile la unga au la mchele, linapatikana kila nyumba na ni jepesi. La kilo 50 likifumuliwa linatoa mifuko miwili, ukizipanga pembetatu moja kichwa chini na nyingine kichwa juu. Ubaya wake ni kwamba linaachana nyuzi ukilikata. Pitisha ncha ya kisu kilichopashwa moto kwenye ukingo, pole pole, dirisha likiwa wazi, na watoto mbali. Ubaya wake wa pili ni jua. Gunia likikaa juani miezi mingi linakuwa kavu na kupasuka kama majani ya mahindi, kwa hiyo tunaliweka ndani na kitambaa kingine nje.

Suruali ya jinzi iliyochoka ndiyo tunayoipenda nje. Miguu miwili ya suruali ya mtu mzima inatosha, ukiepuka mahali pa magoti palipokwisha. Inavumilia msuguano, na mshono wake wa zamani ukiuacha mahali pake unakuwa kama ubavu wa kuupa mfuko nguvu. Lakini inakunywa maji.

Bashi ya lori, ile nzito inayofunika mizigo ya magari ya kwenda Kasumbalesa, ndiyo bora kwa mvua. Mafundi wa bashi wanaachilia vipande vidogo kwa bei ndogo, wakati mwingine bure ukijua kuomba. Ni ngumu kushona. Mguu wa mashini unanata juu yake, haiendi mbele. Dada mmoja mshonaji alitufundisha kuweka karatasi nyembamba juu ya bashi, kushona vyote pamoja, halafu kuichana karatasi. Au paka poda ya mtoto kidogo. Tumetumia zote mbili, na poda inanukia vizuri.

Bei hatuandiki, kwa sababu dolari itakuwa imeibadilisha kabla gazeti halijafika Ruashi.

Sindano iwe nene, namba 100 au 110. Sindano ya blauzi itavunjika kwenye mkunjo wa tatu, na kipande kinaweza kuruka machoni. Uzi uwe wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba unaoza kwa mvua na jasho, na mfuko utakufungukia njiani siku usiyoitaka. Refusha hatua ya mashini hadi milimetre tatu au nne. Hapa washonaji wa nguo wanabisha, wamezoea hatua fupi kwa uzuri, lakini kwenye gunia na kwenye bashi kila tundu la sindano ni jeraha, na matundu yakikaribiana sana kitambaa kinachanika kama stempu.

Kushona

Vipande ni hivi: pembetatu ya kulia nzima, pembetatu ya kushoto yenye mlango, na ukanda mrefu mmoja unaozunguka, sentimetre 9 kwa upana ili ukimalizika ubaki 6. Urefu wa ukanda upimwe kwa uzi kuzunguka karatasi, uongezwe kidogo. Kwenye Phoenix yetu ulikuwa karibu metre moja na sentimetre 60.

Mlango uwe upande wa kushoto. Tulifikiri sana juu ya hili. Kulia kuna mnyororo na mafuta yake machafu. Tena, tunaposukuma kinga, wengi wetu tunatembea upande wa kushoto, kwa hiyo mlango unabaki chini ya macho yetu na chini ya mkono wetu. Mwenye vidole virefu katika msongamano wa soko atalazimika kukuzunguka kwanza.

Badala ya zipu tunaweka ulimi. Pembetatu ya kushoto inakatwa isifike juu, inabaki chini ya ukingo kwa sentimetre 6, na ukingo wake unakunjwa mara mbili na kushonwa. Ulimi unatoka juu, kwenye mshono wa bomba la juu, unateremka kama sentimetre 12 na kufunika mlango. Mvua inapita juu yake kama inavyopita juu ya bati. Chini ya ulimi shona vifungo viwili vikubwa vya koti, na kwenye mfuko vitanzi viwili vya mpira, vilivyokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu lililochoka. Fundi kinga yeyote ana lundo lake.

Mikanda ya kufungia nayo tunaikata katika mpira huohuo, upana wa vidole viwili: mitatu juu, miwili kwenye bomba la mbele, mmoja kwenye bomba la kiti. Mikanda inashonwa mwanzoni, kabla ya kufunga mfuko, ikiwa imelazwa kati ya ukanda na pembetatu ili mshono mkuu uishike. Pita juu yake mara tatu, mbele, nyuma, mbele. Mfuko wetu mmoja ulianguka kwa sababu mikanda ilishonwa juu ya kitambaa kwa mshono mmoja, kama lebo. Mpira unavuta saa zote, hata kinga ikiwa imelala, kwa hiyo mshono wake haupumziki.

Kabla ya kufunga, tia kati ya kitambaa cha nje na cha ndani kipande cha plastiki kilichokatwa katika bidoni ya mafuta ya lita tano. Kinauzuia mfuko usivimbe na kugusa magoti. Karatasi ngumu usitie, mvua ya kwanza itaifanya bukari. Kitambaa cha ndani kiwe cha rangi nyeupe au ya njano, masalio ya kikwembe yanafaa sana. Ndani ya mfuko mweusi mtu hutafuta ufunguo kwa vidole jioni nzima. Kwenye kona ya chini kabisa toboa tundu dogo kwa msumari wa moto. Maji yatapata njia ya kuingia, hilo lazima, basi yapewe njia ya kutoka.

Asiye na mashini anaweza kushona kwa mkono, na sindano kubwa ya kushonea magunia. Mmoja wetu alimaliza wake kwa jioni nne, umeme ukiwa umekatika, kwa taa ya simu. Mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wetu wa mashini, tunakubali.

Ukishamaliza, jaza mfuko, ufunge, uinue gurudumu la nyuma na kuzungusha pedali kinyumenyume mara 20. Sikiliza. Ukisikia hata mkwaruzo mdogo, legeza na usogeze. Ukingo wa mkanda unaoning'inia ukate. Mkanda mrefu unaoingia katika mnyororo ni mfuko wa plastiki uleule uliotuangusha, umebadilisha jina tu.

Kinga ya mama

Kuna zile kinga ambazo bomba la juu linateremka, zilizotengenezwa kwa ajili ya mwenye kikwembe au sketi. Hazina pembetatu. Barua mbili zimetuuliza juu yake. Hapo hatushoni pembetatu. Tunashona mfuko mwembamba kama bahasha ndefu, unaofungwa nyuma ya bomba la usukani, lile linalosimama wima mbele. Utazame tu usije ukafunga kwenye sehemu inayogeuka. Unabeba kidogo, kama bahasha na simu na ufunguo, lakini unabeba salama. Tulijaribu kuufunga mfuko mkubwa kati ya mabomba mawili yanayoteremka, ukagonga miguu wakati wa kupanda na kushuka, tukauacha.

Na kwa kuwa tumefika hapa, tuseme na lile lingine. Wapo wanaosema mwanamke hapandi kinga. Wanasema hivyo sokoni wakimwona mama anapita, halafu wanamwita ili wanunue mboga zake kabla hazijanyauka. Mama anayelima bondeni na kuuza mjini anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Akiwa na kinga anafika mapema, mboga zikiwa na umande. Sisi hatuamrishi mtu. Katika kikundi chetu wengine wanapanda, wengine wanasukuma tu, na wengine kinga ni ya bwana, wao wanashona mfuko na bwana anapanda. Hata huyo wa mwisho amefaidika. Bwana mmoja alikuja kutushukuru kwa sababu sasa karatasi zake za kazi zinafika bila kulowa, na alisema sasa anaona aibu kumnyima bibi yake kinga siku ya soko. Hatukuongeza neno.

Vya kuweka na vya kutoweka

Kilo tatu au nne zinatosha. Vitu vizito viwe chini, karibu na pedali. Chupa ya mafuta ya kula tunaifunga kwanza katika plastiki, tumejifunza. Pesa za kikundi zisikae katika mfuko kinga inapoachwa nje, hata kwa dakika mbili za kununua chumvi. Mfuko unalinda vitu visianguke, haulindi visiibwe. Petroli ya taa au ya jenereta usiweke kabisa pamoja na chakula. Viazi na nyanya virudi katika gunia lao nyuma.

Mifuko ya plastiki ile myembamba ilikatazwa kwa amri ya serikali iliyotiwa sahihi mwishoni mwa mwaka 2017, na bado tunaiona kila kona, hata katika nyaya za magurudumu. Hatuna nguvu juu ya hilo. Juu ya usukani wetu tuna nguvu.

Wengine wametuuliza kama tunaweza kuishona ili kuuza. Tulijaribu. Tuliuza michache kwa jirani na kwa walimu wenzetu, wanaotaka mahali pa kuweka madaftari ya kusahihisha. Kila mfuko unadai kinga yake mwenyewe ije kupimwa, na kazi inachukua nusu siku, kwa hiyo mama anayetafuta faida ya haraka atakata tamaa. Anayeshona sare za shule anapata zaidi mwezi wa tisa. Lakini katika miezi mikavu, kazi ya nguo ikipungua, mifuko miwili kwa juma inalipa sabuni na chumvi. Usikubali kushona kwa kipimo cha kuambiwa kwa simu. Tulifanya hivyo mara moja, na ule mfuko bado tunao, unabeba chaki.

Mwenzetu wa Naviundu alishona wake wa jinzi, na ndani kuna kikwembe cha njano chenye ndege. Kitabu cha kliniki cha mtoto bado kina doa kubwa la mafuta, herufi za muuguzi zinaonekana kupitia kurasa mbili. Mwezi wa pili zamu ya likelemba ilimrudia. Mama wale watano walimkabidhi bahasha mbele ya kinga, na yule aliyemwangalia vibaya siku ile ndiye aliyeufungua ulimi wa mfuko, akaiweka bahasha ndani, akafunga vifungo vyote viwili.

Jumamosi ijayo darasa litakuwa wazi tangu saa nane mchana. Makasi tunayo, chaki tunayo, mashini mbili zinafanya kazi na ya tatu inangoja mkanda. Njoo na suruali kuukuu, mpira wa ndani na karatasi ngumu. Na njoo na kinga yenyewe, hata kama ni ya kuazima, maana bila hiyo hatutakata kitambaa.